Kompyuta Kuukuu ya Sebuleni na Amana Zilizomo

Katika nyumba nyingi za watu wetu waishio Nairobi, kuanzia vyumba vya ghorofani katikati ya jiji hadi Kawangware, Kangemi na Dagoretti, kuna kitu kilichofunikwa kitambaa juu ya kabati au kilichosukumwa chini ya kitanda. Ni kompyuta ya mezani, ile ya zamani yenye kioo kizito kama sanduku. Haijawashwa miaka mingi. Mama wa nyumba akitaka itolewe ili apate nafasi, baba husema iachwe. Baba naye akikubali, mtoto mkubwa aliyekwisha kuhamia kwake hupiga simu na kuuliza, "Mama, ile kompyuta yetu bado ipo?" Hakuna anayeitumia, wala hakuna anayeridhia itupwe.

Hali hii tumeiona katika nyumba kadha wa kadha tunazozizuru kwa darasa, kwa maziko na kwa harusi, nayo imetufanya tujiulize ni kipi hasa kinachopendwa katika chombo kisichofanya kazi. Jibu tulilolipata lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mapenzi ya siku zilizopita, nayo hayana ubaya. Upande wa pili ni mzito zaidi. Ndani ya mashine hizo mna mali za watu, yaani picha, sauti na maandishi, na mali hizo zimo hatarini kwa njia mbili: kupotea na kufichuka. Wiki hii tunazungumzia pande zote mbili, na maneno yetu tunawaelekezea zaidi kina mama, kwa kuwa aghalabu wao ndio wenye kuamua kinachobaki nyumbani na kinachotoka.

Ilivyoingia katika nyumba zetu

Wenye umri kama wetu wanakumbuka kwamba kompyuta haikuanzia nyumbani. Ilianzia chuoni. Katika miaka ya 1990 kijana aliyemaliza kidato cha nne alipelekwa mjini, kwenye mojawapo ya vyuo vidogo vilivyojaa katika ghorofa za juu za Moi Avenue, Tom Mboya na River Road, akajifunze "pakeji". Pakeji hizo zilikuwa MS-DOS, WordPerfect ya kuandikia barua, Lotus 1-2-3 ya kupigia hesabu, na dBase ya kuwekea kumbukumbu. Kioo kilikuwa cheusi, na kila amri iliandikwa kwa mkono. Aliyekosea herufi moja hakupata kitu. Cheti kilipotoka kilitiwa fremu kikatundikwa ukutani karibu na picha ya Al-Kaaba. Programu zile zimekwisha kupitwa na wakati, lakini vyeti vingi vingali ukutani.

Upande wa Ghuba mambo yalikuwa yametangulia. Kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, iliyoasisiwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh, ilitoa kompyuta ya nyumbani iitwayo Sakhr. Ilikuwa kibodi nene iliyounganishwa na televisheni, yenye herufi za Kiarabu na za Kilatini, na programu zake zilikuja katika vikasha vya kuchomekwa. Miongoni mwa programu hizo ilikuwamo ya Qur'ani Tukufu, katikati ya miaka ya 1980, wakati ambapo hapa petu wengi hawakuwa wamepata kuiona kompyuta kwa macho yao. Uvamizi wa Kuwait wa mwaka 1990 uliikatiza kazi hiyo, na shughuli za kampuni zikahamia Cairo. Al-Sharekh alipofariki mwaka 2024, wengi waliokulia na Sakhr walimtaja kwa kheri. Basi huba ya mashine kuukuu si jambo la nchi moja wala la watu wa namna moja.

Hapa Nairobi, kompyuta iliyoingia katika nyumba za watu wa kawaida ilikuwa ile ya baadaye, yenye programu ya Windows, hasa Windows XP iliyotoka mwaka 2001. Nyingi zilikuwa mitumba, zilizokwisha kutumika katika afisi za Ulaya. Baba alishuka Luthuli Avenue, akakagua, akapatana bei, kisha mashine ikapandishwa matatu ya namba 46 kwenda Kawangware. Aliyekibeba kioo alikipakata kama mtoto mchanga. Jioni ile majirani walikuja kutazama. Kilichoonekana kwanza kilikuwa mlima wa kijani chini ya mbingu ya buluu, picha ambayo Charles O'Rear aliipiga California mwaka 1996. Watoto wa Dagoretti, walioizoea milima ya Ngong, walishikilia kwamba ni ya kwao, na hatukuona sababu ya kuwaharibia furaha yao.

Mashine iliwekwa sebuleni, penye meza na penye umeme. Mama aliifumia kitambaa cha nyuzi dhidi ya vumbi. Ikawa na kanuni zake: haiguswi kwa mikono yenye mafuta, haiwashwi umeme ukiwa unapepesa, inazimwa adhana ya Magharibi inapokaribia. Watoto walicheza kwa zamu huku mmoja akitazama saa ya ukutani. Kulikuwa na mchezo wa karata wa Solitaire kwa wenye subira, na ensaiklopidia ya Encarta katika sidii kwa wenye kazi za shule.

Intaneti ilikuwa jambo la wachache. Ilianza kuuzwa kwa umma nchini katikati ya miaka ya 1990, nayo ilipitia katika waya wa simu. Modemu ililia kwa milio ya ajabu kabla haijashika, na wakati imeshika hakuna aliyeweza kuipigia simu nyumba ile. Wasiokuwa na simu walikwenda saiba za mjini, wakalipa kwa dakika. Barua ya jamaa wa Muscat au London ilipigwa chapa palepale, ikakunjwa, ikapelekwa nyumbani kusomewa bibi. Mambo yaligeuka mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotolewa baharini pale Mombasa, ile ya TEAMS ikitokea Fujairah. Mtandao wa kasi wa Nairobi yote ulipitia kwanza katika ufuo wa pwani yetu. Tangu hapo intaneti ikahamia katika simu za mkononi, na ile mashine ya sebuleni ikapandishwa juu ya kabati.

Kila kizazi na hamu yake

Tukisikiliza watu wakiikumbuka, tunaona kwamba hawakumbuki kitu kimoja. Mababu, wale wa vyuo vya mjini, wanakumbuka heshima ya ujuzi. Aliyejua Lotus alipata kazi, na nyumba nzima ilimtegemea kuandika barua ya maombi ya kazi ya mpwa au ya binamu. Leo mjukuu wa miaka kumi anamfundisha babu yake namna ya kufungua simu, na babu anapoitazama ile kompyuta iliyofunikwa anauona wakati ambapo yeye ndiye aliyekuwa akifundisha.

Wazazi walio na miaka thelathini hadi arubaini wanakumbuka kukaa pamoja. Chombo kilikuwa kimoja, watu watano. Kilichotazamwa na mmoja kilionwa na wote, hata baba alipopita kwenda kutawadha aliona nini kinafanyika. Kilikuwa na mwisho pia: kikizimwa, kimezimwa, na mambo yake yakabaki sebuleni. Simu haina mwisho wa namna hiyo. Inaingia nayo mtu chumbani, inalala chini ya mto. Baadhi ya waliokulia katika kuisubiri zamu mbele ya kioo kimoja ndio vijana waliokwenda kuunda programu zao wenyewe, katika siku ambazo iHub ilifunguliwa barabara ya Ngong mwaka 2010.

Wajukuu nao, wasioziishi siku hizo, wanazitamani. Mabinti wa shule za upili wanatafuta kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000, wanapenda picha zake zenye ukungu. Wengine wanacheza katika simu zao michezo ya zamani ya baba zao. Msidhani ni upuuzi. Mtoto aliyezaliwa katika chombo kinachofanya kila kitu anapata raha akishika chombo kinachofanya kitu kimoja na kukoma.

Lakini tukiwa waadilifu, hatuna budi kuwasikiliza na wale wasioitamani. Bibi mmoja wa Kawangware, tulipomuuliza kama anaikumbuka kompyuta yao, alijibu, "Maalim, naikumbuka kwa vumbi lake. Niliipangusa miaka minane, sikuigusa kwa kazi hata siku moja." Katika nyumba nyingi zamu zilianzia kwa baba, zikaenda kwa wavulana, na binti alifikiwa wakati chai inatakiwa jikoni. Mama hakufikiwa kabisa. Maandishi yake yalikuwa Kiingereza na ugumu wake uliwatisha wasiosoma sana. Ilikuwa ni baadaye, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za afisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Bibi huyo hivi leo anawatumia wanawe walioko Uarabuni ujumbe wa sauti kila asubuhi kwa simu yake mwenyewe, na hataki kuambiwa kwamba zamani ilikuwa bora. Tunaona ana haki. Hamu ya zamani haifai kutusahaulisha ni nani aliyeachwa nje ya mlango wake.

Yaliyomo ndani

Tuje sasa kwenye uzito wa jambo lenyewe. Watu wanakitunza chombo kwa miaka ishirini, na kilichomo wanakiacha kife. Ipo nyumba moja huko Kangemi ambayo babu yao, mzaliwa wa Lamu, aliwatembelea mwaka 2004. Mjukuu alichomeka kipaza sauti kidogo katika kompyuta akamwomba babu ataje nasaba ya ukoo, baba kwa baba, na mama walikotoka. Kinasa sauti cha Windows XP kilikuwa na kawaida ya kukoma kila baada ya sekunde 60. Kwa hiyo nasaba ile ilinaswa vipande vipande, dakika moja moja, na mwisho wa kila kipande mnasikika kijana akisema, "Ngoja kidogo, babu," na mzee akicheka. Vilikuwa vipande kumi na saba. Mzee akatangulia mbele ya haki, mashine ikaharibika, ikafunikwa.

Mwaka uliopita kitukuu wa mzee yule, msichana wa miaka kumi na tisa, aliifungua mashine kwa bisibisi, akaitoa diski yake, akaiunganisha na kompyuta nyingine. Vipande kumi na sita vilifunguka. Kimoja hakikufunguka, na ndicho kilichokuwa na upande wa mama yake babu. Mashangazi waliketi siku nzima kukijaza kwa kumbukumbu zao, na hadi tunapoandika hawajapatana juu ya jina moja. Lau wangalichelewa miaka mingine michache, huenda wangalikosa vyote kumi na saba, na wale mashangazi wenye kumbukumbu wangalikuwa hawapo pia.

Nyumba ya pili tunaistiri, mtaa wake hatuutaji. Huko mashine iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na diski yake. Katika diski mlikuwa na picha za harusi mbili, zilizopigwa upande wa wanawake, ambako mabibi walikuwa wamejipamba na kuvua buibui kwa kuaminiana kwamba hakuna jicho la nje. Walikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba zisitoke nyumbani. Diski ilifika kwa kijana mmoja mjini aliyenunua vipuri. Alipoifungua alikuta cheti cha shule chenye anwani, akaelewa kilichomo kingine, akafunga, akawatafuta wenyewe na kuwarudishia. Alikuwa mtu mwema. Mwenye diski hawezi kumchagua anayemfikia.

Picha ya mwanamke aliyokubali kupigwa kwa sharti ni amana kwa aliyeishika. Sharti lile halikufa siku mashine ilipoharibika, wala halikuuzwa pamoja na chuma.

La kufanya, hatua kwa hatua

Mashine iliyolala miaka mingi msiiwashe kwa majaribio. Vumbi na unyevu vinaweza kuiunguza, na diski iliyokwama ikilazimishwa huharibika zaidi. Njia salama ni kuitoa diski kuu, kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kitabu kidogo, na kuichomeka katika kompyuta nzuri kwa kutumia adapta ya USB. Kabla ya kununua adapta tazameni waya uliounganisha diski na mashine. Ukiwa mpana na bapa kama utepe, ni diski ya aina ya IDE, ya zamani zaidi. Ukiwa mwembamba, ni SATA. Mtajieni muuzaji aina hiyo. Adapta hizo hupatikana katika maduka ya Luthuli na mitaa yake ya jirani, na nyingine zinapokea aina zote mbili. Kazi hii inafanyika mezani nyumbani, na mabinti zetu wanaiweza. Ikibidi kwenda kwa fundi, aende mtu wa nyumba akae naye hadi mwisho, na diski isilale dukani.

Msishangae tarehe zikiwa za kuchekesha. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara inayotunza saa, nayo ikifa mashine husahau mwaka na kurudi nyuma, nyingine hadi Januari 1980. Faili iliyoandikwa siku hizo itadai kuwa na umri mkubwa kuliko mwenyewe. Ulizeni wazee tarehe za kweli, mziandike.

Disketi za plastiki zifuateni mapema. Moja ilibeba megabaiti 1.44, ambazo hazitoshi hata picha moja ya simu nyingi za leo, lakini barua na wasia hutoshea humo. Sony, waliokuwa wakubwa katika biashara hiyo, waliacha kuziuza mwaka 2011. Kisomeo chake cha USB kingali kinauzwa. Sidii mlizochoma wenyewe nazo huharibika kwa joto na mwanga, ijapokuwa kwa macho zinaonekana nzima.

Kilichopatikana kiwekwe nakala mbili, mahali pawili: moja katika diski mpya nyumbani, nyingine kwa jamaa anayeaminika, iwe Mombasa au Lamu. Picha za upande wa wanawake zitengwe, zikae mikononi mwa wanawake wenyewe, na kila aliyemo aulizwe kama anaridhia zibakie. Anayekataa picha yake ifutwe. Wala zisipandishwe mtandaoni kwa kisingizio cha kumbukumbu nzuri. Aliyekubali kuonwa na wageni hamsini wa harusi hakukubali kuonwa na dunia.

Kisha jueni kwamba kufuta kwa kawaida si kufuta. Ni sawa na kung'oa jina la kitabu katika orodha ya maktaba huku kitabu chenyewe kingali rafuni. Mjuzi akiingia atakiona. Diski itakayotoka nyumbani ama iandikwe upya yote kwa programu ya kazi hiyo, ama itobolewe kwa drili matundu kadhaa hadi sahani zake za ndani zivunjike. Mashine iuzwe bila diski. Mnunuzi wa vyuma hataona tofauti kubwa.

Mwisho, kile kioo kizito kisivunjwe wala kuachwa jalalani watoto wakakichezea, kwa kuwa ndani yake mna madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nyaya nazo zisichomwe moto ili kupata shaba, maana moshi wake unadhuru mapafu ya mtaa mzima. Pelekeni kwa wanaokusanya taka za umeme na kuzichambua kwa utaratibu.

Kinachofaa kurudishwa

Baada ya hayo, atakaye kukibakisha chombo kwa mapenzi na akibakishe. Kitambaa cha mama kina haki yake. Lakini ziko tabia za siku zile zinazoweza kurudi bila mashine ile. Nyumba moja Lavington imeweka meza sebuleni, na kila jioni baada ya Isha simu zote, za wazazi kwanza, huwekwa hapo hadi alfajiri. Watoto walinung'unika wiki mbili. Nyingine ina usiku mmoja wa wiki ambao wote hukaa mbele ya kioo kimoja, na zamu ya kuchagua cha kutazama huanzia kwa mama. Hilo la pili limetupendeza zaidi, kwa sababu linarekebisha lililokuwa na kasoro.

Nanyi kina mama, tunawaomba jambo moja dogo la wiki hii. Ijumaa au Jumapili, watoto wakiwa nyumbani, iteremsheni ile mashine kutoka juu ya kabati. Muwaite na wazee waketi karibu. Kijana ashike bisibisi, binti aandike daftarini kila kinachopatikana, na mzee aseme nani ni nani katika kila picha kabla majina hayajasahaulika. Penye kipande kisichofunguka, mwulizeni aliyekuwapo, maana bado yu hai, alhamdulillahi.

Wabillahi tawfiq.